Vanishi ya Wenceslaus

Ahadi za watoto husemwa asubuhi, jua likizama zimekwisha sahaulika. Lakini Wenceslaus hakuwa mtoto wa namna hiyo. Siku mdogo wake Adriano alipokatwa kidole na waya wa breki ya baiskeli, ule waliouwamba juu ya galoni la mafuta wakaliita gitaa, Wenceslaus alichana kipande cha shati lake akamfunga kidole na kumwambia, "Nyamaza. Nikiwa fundi nitakutengenezea la kweli." Adriano akanyamaza.

Wakakua. Wenceslaus akawa seremala palepale kwao Usinge, mtu wa milango, vitanda na majeneza. Adriano akahamia Tabora mjini, akafungua kibanda cha vipuri vya baiskeli mtaa wa Ng'ambo, akaoa, akawa mpiga gitaa wa kwaya kwa kutumia gitaa la parokia ambalo shingo yake ilikuwa imefungwa kwa gundi na utepe. Ile ahadi hakuikumbuka tena.

Kaka yake aliikumbuka. Alianza kazi mwaka ambao Adriano alioa, na alipoimaliza, Kabula, binti mkubwa wa Adriano, alikuwa anajua kusoma. Si kwamba Wenceslaus alikuwa mvivu. Hakuwa amewahi kutengeneza gitaa, na hapakuwa na mtu wa kumwelekeza. Mbavu za mninga alizipinda kwa maji ya moto zikavunjika, akazipinda nyingine zikavunjika, akaziacha, akarudi tena msimu wa mavuno ulipopita na wateja wakapungua. Uso aliufanya kwa ubao mweupe, mwepesi, akaukwangua mpaka ukawa mwembamba kiasi kwamba ukiugonga kwa ukucha unaitika.

Kisha ikaja rangi. Kila mtu wa misitu ile anajua kwamba mninga ukiukata gome hutoa utomvu mwekundu, mzito, kama mnyama aliyejeruhiwa. Wenceslaus aliukinga, akaukausha, akauyeyusha kwenye spiriti na kuutia ndani ya vanishi kwa kipimo alichokijua mwenyewe. Alipaka kwa kitambaa laini, utando juu ya utando, akisubiri kila mmoja ukauke ndipo apake mwingine. Lilipokamilika, asubuhi lilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, na alasiri, jua likiingia dirishani, lilikuwa kama kaa la moto linaloanza kufifia.

Alilileta Tabora mwenyewe, kwa treni, amelipakata safari nzima likiwa limefungwa kwa kitenge cha mkewe Magreth.

"Vanishi bado changa," alimwambia Adriano. "Usiliache juani. Na usiwape watoto."

Adriano alitaka kusema neno la shukrani. Alichoweza ni kulishika lile gitaa na kulia kama mtoto mbele ya mkewe Elieth na majirani. Wenceslaus akaona aibu, akatoka nje kwenda kutazama baiskeli.

Hazikupita wiki nyingi, kiharusi kikampiga Wenceslaus. Kilimkuta anachonga mguu wa kitanda. Upande wa kulia wote ukalala, na ulimi ukawa mzito, maneno yakitoka moja moja kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Hospitali walimpa mpira wa kuminya, wakamwambia afanye mazoezi. Aliuminya. Randa, patasi na misumeno yake aliagiza Magreth avipake mafuta kila Jumamosi visishike kutu, na mtu akija kuazima hata nyundo alimkatalia kwa kichwa. Mkono utarudi, alisema. Madaktari hawakusema hivyo, lakini hawakusema pia kwamba hautarudi, na yeye akashikilia hapo.

Kwa hiyo gitaa la Adriano likawa kitu cha mwisho ambacho mkono ule ulikimaliza ukiwa mzima. Adriano hakumwambia mtu jambo hilo. Alilitundika chumbani juu ya kitanda, na kila akilishusha alinawa mikono kwanza.

Siku lilipoharibika alikuwa amenawa pia.

Ilikuwa jioni ya mazoezi ya kwaya, mvua zimechanganya, na mbu wa Tabora mjini walikuwa wametoka madimbwini kwa hasira. Walifanyia mazoezi kwenye veranda ya kanisa. Adriano alipiga wimbo mmoja huku akijikuna, wa pili akakosea, na mwimbaji wa besi aitwaye Godbless akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kufukuza mbu.

"Jipake, kaka. Utapigaje na huku unapigana?"

Adriano akajipaka mikono yote miwili, vizuri, mpaka viwiko. Akaendelea kupiga. Katikati ya mazoezi alihisi mkono wa kulia unanata pale unapolala juu ya ukingo wa gitaa, akadhani ni jasho. Walipomaliza sala ya kufunga aliuinua, na ukatoa sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda.

Alitazama. Mahali penye ukubwa wa kiganja vanishi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa uliosukumwa kwa kijiko. Vinyweleo vyake vilikuwa vimenasa humo. Kwenye ngozi ya mkono wake palikuwa na doa jekundu.

Hapo ndipo alipofanya kosa la pili. Alishtuka, akakamata pindo la shati na kufuta. Vanishi iliyolainishwa na dawa ya mbu ikavutwa na kitambaa, ikaacha mfereji unaofika ubao mweupe, na nyuzi za pamba zikabaki zimeganda ndani yake.

"Nini?" Godbless akauliza. Alipoona, akaziba mdomo. "Ee Mungu wangu. Kaka, mimi sikujua."

"Hata mimi sikujua."

"Nisamehe."

"Hujafanya kitu, Godbless. Umenipa dawa ya mbu."

Wanakwaya wakazunguka. Mmoja akasema rangi itapatikana dukani, mwingine akasema apake mafuta ya nazi, wa tatu akasema jambo la muhimu ni sauti. Adriano akaitikia kila mmoja, ndiyo, ni kweli, asante. Akalitia gitaa kwenye mfuko wake akatembea hadi nyumbani, akikwepa madimbwi kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba bado kuna kitu cha kulinda.

Elieth alilitazama chini ya taa. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, lakini pia mwenye watoto watatu na sufuria jikoni.

"Kwani halilii?"

"Linalia."

"Sasa?"

Adriano angesema nini? Kwamba pale palikuwa na kiganja cha kaka yake kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, na sasa pana nyuzi za shati la mtumba? Alilitundika ukutani, upande ulioumia ukitazama ukuta.

Siku zilizofuata alikuwa akikaa kibandani anasahau wateja. Mtu anaomba tairi la mbele, anapewa mnyororo. Elieth akamwambia, "Baba Kabula, umekaa kama mtu aliyefiwa." Naye akawaza kwamba aliyefiwa ana nafuu. Aliyefiwa watu huja, hukaa naye kwenye mkeka, huleta sukari, humwambia pole. Kwa vanishi iliyobanduka haji mtu. Na akijaribu kujieleza, anajisikia mpumbavu; akinyamaza, linamla.

Alilipeleka kwa mzee Nasri. Huyu alikuwa fundi wa kupaka fanicha, jirani yake palepale Ng'ambo, mwenye kofia iliyochafuka vanishi na vidole vya kahawia. Alilishika gitaa kwa heshima, akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole pembeni ya kidonda bila kukigusa.

"Naweza kupiga msasa uso wote nikapaka upya," alisema. "Litang'aa. Lakini rangi hii mimi siijui. Kaipaka nani?"

"Kaka yangu."

"Yu hai?"

"Yu hai. Ila mkono wake umelala. Kiharusi."

Nasri akamrudishia gitaa. "Ulimi je? Nenda akuambie alichanganya nini na nini, uje uniambie nami. La sivyo nitakuwa nimeifuta kazi yake yote kwa ajili ya kipande hiki. Dhambi hiyo sitaki kuibeba."

Adriano hakwenda. Alisema moyoni kwamba mvua zipungue kwanza, kisha akasema msimu wa shule upite. Ukweli ni kwamba aliogopa. Akamwacha kaka yake Usinge aendelee kuamini kwamba kuna kitu kimoja duniani alichokimaliza vizuri.

Ndipo Magreth akapiga simu. Mtoto wao wa mwisho, Silasi, angepokea komunyo ya kwanza, na Wenceslaus alikuwa na ombi moja tu.

"Anataka uje upige, shemeji," Magreth alisema. "Anasema na gitaa lako. Amerudia mara nyingi. Tangu augue hajawahi kutaka kitu hivi."

Adriano alikwenda parokiani, akafungua kabati, akalitoa lile gitaa la zamani lenye utepe shingoni. Alilipakata kwa muda. Angeweza kwenda nalo. Angesema la kwake limekatika nyuzi, au limeazimwa, na Wenceslaus angesikitika kidogo, basi. Lakini alilirudisha kabatini. Alijiambia kwamba si vizuri kumdanganya mgonjwa. Alijiambia pia kwamba atapata ile siri ya rangi ampelekee Nasri. Na chini ya yote hayo kulikuwa na jambo lingine ambalo alikuja kulielewa baadaye, alipokuwa hawezi tena kulirekebisha: alikuwa amechoka kulibeba peke yake. Alitaka kaka yake amwambie, "Si neno."

Usinge walimpokea kwa vigelegele. Kanisani alipiga akiwa amesimama nyuma ya waimbaji, mkono umefunika doa, na Silasi akapokea komunyo katika shati jeupe lililomzidi. Wenceslaus alikaa benchi la mbele, fimbo kati ya magoti, akilia bila kujificha kwa jicho moja, maana lile la upande wa kulia lilikuwa na machozi yake wakati wote. Nyumbani watu wakala wali na kuku, wakasifu gitaa kwa mbali, wakaondoka mvua ilipotishia.

Alasiri Wenceslaus akamwita kwenye kibanda chake cha useremala. Kilikuwa kimefagiliwa. Vifaa vilikuwa vimepangwa ukutani kwa ukubwa, vinang'aa kwa mafuta, kama duka ambalo mwenye duka amekwenda msalani anarudi sasa hivi. Magreth akamsaidia kukaa kwenye kigoda, akabaki amesimama mlangoni.

"Piga," Wenceslaus alisema.

Adriano akapiga. Alipiga wimbo wa kikwao ambao mama yao aliuimba akitwanga, polepole, na lile gitaa likaimba kama ambavyo halijawahi. Wenceslaus akafumba macho. Alipoyafumbua, hakutazama vidole vya mdogo wake. Alitazama mkono wa kulia, kiwiko.

"Mkono," alisema.

"Kaka?"

"Inua... mkono."

Adriano akauinua.

Wenceslaus akainamisha kichwa, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia ubao. Akanusa, kama alivyokuwa akinusa mbao mpya.

"Nani?"

"Mimi, kaka. Nilijipaka dawa ya mbu. Sikujua. Naapa sikujua. Halafu nikafuta nikazidisha. Nisamehe, kaka."

Adriano alisubiri. Lile neno alilolifuata kutoka Tabora lilikuwa karibu sana. Badala yake aliona kitu kikiwaka katika uso wa kaka yake, upande ule uliokuwa bado hai. Ilikuwa furaha. Alikuwa na kazi.

"Magi," Wenceslaus aliita. "Msasa. Ule... laini. Tina. Kitambaa. Na chupa. Ile chupa."

"Baba Silasi, pumzika leo," Magreth alisema. "Kesho."

"Lete!"

Akaleta. Chupa ya utomvu wa mninga ilikuwa imekauka karibu yote, chini pamebaki tope jeusi. Wenceslaus akaagiza aimiminie spiriti na kuitikisa, akaitikisa, ikatoa maji ya rangi ya damu kuukuu. Kisha Wenceslaus akamwonyesha Adriano kwa kidevu alaze gitaa juu ya meza ya kazi na kulishika kwa mikono miwili. Naye akachukua msasa kwa mkono wa kushoto.

Mara ya kwanza ulimtoka. Mara ya pili akaanza. Alianza vizuri, kwa miduara midogo, na Adriano akathubutu kutumaini. Kisha mkono ukachoka, maana mkono wa kushoto haukuwa umewahi kufundishwa kitu maishani mwake zaidi ya kushikilia. Ukaanza kutetemeka. Mduara ukapanuka, ukatoka kwenye kidonda, ukala vanishi nzima iliyokuwa pembeni, ile iliyokuwa haijaguswa. Ukafika kwenye ubao mweupe.

"Kaka," Adriano alisema kwa sauti ya chini.

"Shika."

Akashika. Wenceslaus akachovya kitambaa kwenye tina ya kuyeyushia vanishi. Tone likadondoka katikati ya uso wa gitaa, likatulia, likaacha duara. Akalifuta, akalitandaza. Akachovya kwenye chupa nyekundu na kupaka, na rangi ikaingia kwenye ubao mtupu ikawa nyeusi kama kovu la moto, na pale penye vanishi ikakataa kushika, ikatiririka kuelekea kwenye nyuzi. Alipaka juu yake. Alifuta. Alipaka tena. Jasho lilimtoka, mate yakamponyoka pembeni mwa mdomo, na hakuyajali.

Adriano angeweza kuliondoa. Angevuta tu, mara moja, hakuna ambaye angemzuia. Aliona kila kitu kilichokuwa kinatokea, tangu tone la kwanza alijua kwamba hakuna Nasri wa kulirudisha hili tena. Lakini kuliondoa ilikuwa ni kumwambia kaka yake kwa kinywa kipana jambo ambalo hata madaktari walikuwa hawajalisema. Basi alilishika, amekaza, kama mtu anayemshikia mwenzake mbuzi wa kuchinjwa.

"Inatosha," Magreth alisema toka mlangoni. Alikuwa analia. "Baba Silasi, nakuomba. Inatosha."

Wenceslaus hakusikia, au alisikia. Alipaka mara nyingine moja, mpapaso mrefu, ule wa kumalizia, ambao Adriano alikuwa amemwona akiupaka kwenye milango na meza tangu ujana wao, kwa mkono wa kulia, bila kuwaza. Wa kushoto uliyumba. Kitambaa kikakwama kwenye nyuzi, chupa ikapigwa na kiwiko, ikaanguka na kuvunjika sakafuni.

Akakoma hapo. Alilitazama gitaa kwa muda mrefu. Kisha aliutazama mkono wake wa kushoto uliojaa wekundu, akautazama na ule wa kulia uliolala mapajani safi kabisa, kama wa mtoto. Ile furaha ilikuwa imeondoka usoni, na Adriano hakuiona tena siku hiyo wala siku nyingine.

"Lipeleke kwa fundi," Wenceslaus alisema.

Maneno yalitoka bila kukwama hata kidogo.

"Fundi ni wewe, kaka."

"Hapana. Lipeleke kwa fundi."

Akaomba fimbo yake. Magreth akamwinua. Mlangoni alisimama akageuka nusu, akaonyesha kwa kidevu ukuta wenye vifaa, randa, patasi, misumeno, vyote vinang'aa.

"Wape watu," alimwambia mkewe. "Wanaotaka. Wape."

Adriano akabaki kibandani peke yake. Aliokota vipande vya chupa kimoja kimoja, akavifunga kwenye gazeti. Alifuta sakafu. Alipiga magoti akasugua mpaka wekundu ukaingia kwenye udongo ukapotea. Halafu hakujua afanye nini tena, akakaa kwenye kile kigoda, na hapo akalia, si kama siku ile aliyopewa gitaa. Alilia kama mtu anayetapika, akizuia sauti, maana nyumba ilikuwa karibu.

Siku ya kuondoka Magreth alimsindikiza hadi stesheni. Hakuwa mtu wa maneno makali. Walikwenda, mfuko wa gitaa begani mwa Adriano, mpaka paa la stesheni lilipoonekana.

"Shemeji, ungeazima gitaa lingine," Magreth alisema.

"Nilitaka kusema kweli."

"Najua."

"Sikuweza kumdanganya, shemeji."

"Mimi nimemdanganya tangu siku aliyoanguka," Magreth alisema. "Kila Jumamosi napaka mafuta misumeno. Unadhani nilikuwa naamini? Anaminya mpira asubuhi, ananiuliza, Magi, kidole kimesogea? Namwambia kimesogea. Basi anakula. Anaoga. Ananichekesha." Alisimama kupangusa uso kwa ncha ya khanga. "Leo asubuhi nimempa mpira. Ameuweka chini."

Adriano alisema pole. Naye Magreth akasema asante, akatuma salamu kwa Elieth na watoto, akageuka kurudi bila kungoja treni.

Tabora, Adriano alilikabidhi gitaa kwa Nasri kwa sababu kaka yake alisema lipelekwe kwa fundi, na hilo ndilo lilikuwa agizo pekee lililobaki la kutii. Mzee alifungua mfuko, akarudi nyuma hatua moja.

"Subhanallah. Nani kalifanya hivi?"

Adriano alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima, tangu Usinge.

"Mimi."

"Wewe? Si nilikwambia nenda kwa kaka yako?"

"Sikumkuta. Nikajaribu mwenyewe."

Nasri alikuwa mtu mpole, lakini kazi ilikuwa dini yake ya pili, na alimkemea. Alimwambia kwamba mtu asiyejua kazi aiache kazi. Alimwambia ameua kitu kizuri kwa haraka zake na kiburi, kwamba kaka yake akikiona atalia, kwamba msasa haushikwi kama sabuni ya kufulia. Wapita njia wakageuka kutazama. Vijana wanaopaka kochi jirani wakaacha brashi wasikilize. Adriano alisimama amekunja mikono mbele, akiitikia, ndiyo mzee, nimekosa mzee. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lile gitaa liharibike mtu kumtendea kama mwenye kosa kubwa, na hata hiyo haikumpunguzia kitu. Alifurahi tu kwamba jina la Wenceslaus halikutajwa.

Nasri alilikwangua uso wote mpaka ubao mtupu. Alipaka vanishi ya dukani, ya kung'aa. Lilitoka limetulia, jeupe la manjano, safi, la kawaida, gitaa ambalo ungeliona popote. Mgongo na mbavu tu ndizo zilibaki na ile rangi ya zamani, na hizo, gitaa likitazamwa kwa mbele, hazionekani. Kanisani Godbless alilisifu sana. Wengine walisema sasa ndiyo limependeza zaidi, linaakisi mwanga. Adriano aliwashukuru. Alipiga misa hiyo na misa zilizofuata, na hakukosea noti, na moyoni mwake hapakuwa na kitu.

Mvua zilipokwisha alimpigia Magreth simu akiwa kibandani. Wakasalimiana, akauliza hali ya watoto, ya shamba. Magreth akasema fundi mmoja wa Kaliua alikuja na mkokoteni akachukua vifaa vyote, kijana mstaarabu, alishukuru mpaka akapiga magoti. Kibanda sasa wanaweka tumbaku.

"Na kaka?"

"Yupo. Anakaa mbele ya nyumba."

"Anasemaje?"

"Hasemi sana."

"Ameuliza habari za gitaa?"

Adriano alisikia kuku nyuma ya Magreth, na mtoto akiitwa.

"Hajauliza, shemeji."

Akamwambia amsalimie kaka. Magreth akasema atafikisha. Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele ya kibanda muda mrefu, baiskeli yake imelalia nyonga, anangoja spoku. Adriano akaweka simu mfukoni akaanza kumtafutia.